Kutoka ramani ya GIS hadi AERMOD: kosa limejificha kwenye chanzo

Matokeo ya modeli inayokadiria jinsi hewa chafu inavyosambaa yakikushangaza, usianze kulaumu faili la upepo. Najua kishawishi chake: data za hali ya hewa zina namba nyingi na zinaonekana ngumu, kwa hiyo mtu hudhani kosa lazima liwe humo. Lakini kila nilipokaa kukagua faili za wenzangu, na zangu mwenyewe, mara nyingi nimekuta tatizo liliingia mapema zaidi, pale vyanzo vya uchafuzi vilipotolewa kwenye GIS, yaani programu ya ramani za kompyuta, na kupelekwa kwenye modeli. Ramani ilipendeza, kila kitu kilikaa mahali pake juu ya picha ya setelaiti, na hakuna aliyetazama tena.

GIS inajua kitu kiko wapi na kina umbo gani. Modeli inauliza jambo jingine kabisa: moshi au vumbi linatokaje? Kwa kimo gani, kasi gani, jotoridi gani, gramu ngapi kwa sekunde, na limekwisha kutawanyika kiasi gani kabla upepo haujalichukua? Poligoni ya jalala, yaani umbo lake lililochorwa kwenye ramani, haijibu hata moja kati ya maswali hayo. Ni wewe unayejibu, na ukinyamaza, namba yoyote iliyobaki kwenye jedwali la sifa itajibu badala yako.

Mifano yangu ni ya AERMOD, modeli ambayo shirika la mazingira la Marekani, EPA, liliipitisha mwishoni mwa 2005 kuchukua nafasi ya modeli ya awali, ISC3, kwa umbali usiozidi kilomita 50. Ndiyo ninayokutana nayo zaidi kwenye ripoti za tathmini ya athari kwa mazingira. Anayetumia modeli nyingine atabadilisha majina ya amri, ila dalili atazitambua.

Dalili: vyanzo vyote vimerundikana nukta moja, au viko mbali kupita kiasi

Fungua faili la maelekezo na usome mistari ya LOCATION kwa macho yako. Ukiona 39.27 na -6.81, umeipa modeli digrii. AERMOD haijui digrii. Inasoma mita tu, kwa hiyo Dar es Salaam nzima imekuwa na upana usiofikia mita moja. Namba sahihi za katikati ya Dar es Salaam kwenye UTM (mfumo wa ramani unaopima kwa mita na kuigawa dunia katika kanda), kanda ya 37 kusini, ni kama 530,000 upande wa mashariki na 9,247,000 upande wa kaskazini. Nairobi ni karibu 257,000 na 9,857,000. Shika kichwani namba za mji wako kama unavyoshika namba ya simu ya nyumbani, na kosa hili halitakupita.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna mitego miwili ambayo wenzetu wa mbali hawaijui. Wa kwanza ni ikweta. Kisumu iko kusini yake kidogo, Maseno iko juu yake hasa. Kwenye UTM ya kusini, ikweta inahesabiwa mita 10,000,000. Kwenye ya kaskazini inahesabiwa sifuri. Tabaka moja la ramani likiwa na vyanzo vilivyopimwa kwa kanda ya 36 kaskazini (36N) na vingine kwa 36 kusini (36S), vitu vilivyoachana kilomita 5 vitaonekana vimeachana karibu kilomita 10,000, na modeli haitapiga kelele yoyote. Itakokotoa tu kwamba chanzo cha pili hakina mchango. Tiba ni kuchagua kanda moja na kugeuza kila kitu kiwe humo, hata kile kilicho upande wa pili wa ikweta. Mpaka wa kanda ya 36 na ya 37 nao uko kwenye longitudo 36. Nakuru mjini inaangukia kanda ya 37, lakini ukielekea magharibi hadi Njoro umeshaingia ya 36. Dodoma ni ya 36, Morogoro ni ya 37.

Mtego wa pili hauonekani haraka: vyanzo vyote vimepishana na picha ya setelaiti kwa umbali uleule, karibu mita 300, hasa kaskazini-kusini. Hapo data zako zimetoka kwenye ramani za zamani zilizopimwa kwa datumu (msingi wa kupimia mahali duniani) ya Arc 1960, kisha mtu akaziandika kuwa ni WGS 84, datumu ya GPS, bila kuzigeuza. Ramani nyingi za kiwango cha 1:50,000 za Kenya na Tanzania zimejengwa juu ya Arc 1960. Kwa ramani ya nchi, mita 300 si kitu. Kwa dohani ya mita 20 yenye shule mita 250 upande wa pili wa ukuta, ni tofauti kati ya watoto kuvuta moshi na moshi kuangukia kiwanja kitupu. Usivute tabaka kwa mkono hadi likae sawa na picha. Rudi kwenye faili la mwanzo, tangaza datumu yake ya kweli, halafu acha programu igeuze.

Dalili: ukolezi (kiasi cha uchafu hewani) ni mkubwa, au mdogo, kupita akili

Hapa ndipo penye makosa mengi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kwenye AERMOD, chanzo cha aina ya POINT (nukta, kama dohani) au VOLUME (kisanduku cha hewa) kinaandikwa kwa gramu kwa sekunde. AREA (eneo), AREAPOLY (eneo la poligoni) na LINE (mstari) vinaandikwa kwa gramu kwa sekunde kwa kila mita ya mraba. Orodha za utoaji wa uchafuzi, kwa upande wake, huja kwa tani kwa mwaka. Tani 1 kwa mwaka ni gramu 0.0317 kwa sekunde, ukigawa kwa sekunde zote 31,536,000 za mwaka. Kama shughuli inafanyika saa 8 tu kwa siku, gawa kwa sekunde za kazi na ueleze saa hizo kwa EMISFACT, amri inayobadilisha utoaji saa kwa saa, la sivyo umeieneza kazi ya mchana hadi usiku wa manane.

Chukua jalala la hekta 10 linalotoa gramu 5 kwa sekunde. Hekta 10 ni mita za mraba 100,000, kwa hiyo namba ya kuandika ni 0.00005. Ukiandika 5, matokeo yamekuzwa mara 100,000. Kosa hilo angalau linajitangaza lenyewe. Yale yanayokuza mara mbili au tatu ndiyo yanayopita hadi kwenye ripoti, na ndiyo ninayoyaogopa.

Yanatoka wapi? Kwanza, safu ya eneo kwenye jedwali la sifa. Safu hiyo ni namba iliyoandikwa siku fulani. Ukikata poligoni baadaye, haijirekebishi yenyewe. Inaweza pia kuwa kwa hekta, au kwa digrii za mraba, ambapo lile jalala la hekta 10 litasomeka karibu 0.000008. Au ilikokotolewa kwenye mfumo wa ramani za mtandaoni unaoitwa Web Mercator. Mfumo huu hukuza eneo kadiri unavyoondoka kwenye ikweta: Dar es Salaam huongeza kama asilimia 1.4, London huongeza zaidi ya mara mbili na nusu. Kwa hiyo mtu aliyejifunzia kazi hapa kwetu anaweza kufanya kosa hili miaka mingi bila kuliona, hadi siku atakapopewa mradi wa Ulaya. Kokotoa eneo upya kila mara, ukiwa ndani ya UTM, baada ya mhariri wa mwisho kumaliza kugusa umbo.

Pili, maumbo yenye vipande. Safu mlalo moja inaweza kubeba poligoni tatu zilizoachana, na utoaji wa jumla umeandikwa mara moja. Skripti ikivitenganisha vipande na kukipa kila kimoja jumla nzima, utoaji umezidishwa mara tatu. Poligoni yenye tundu katikati, tuseme bwawa ndani ya jalala, ina tatizo lake: AREAPOLY haijui tundu. Ukigawa kwa eneo lisilo na bwawa huku modeli ikijaza hadi bwawani, umeongeza uzito uliotoka. Ama ligawe jalala kuwa poligoni mbili zinazolizunguka bwawa, ama kubali kulifunika na ugawe kwa eneo lote.

Tatu, barabara. Kwenye OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni, barabara yenye njia mbili zilizotenganishwa huchorwa kwa mistari miwili. Hesabu ya magari uliyopewa kwa kawaida ni ya pande zote. Ukiibandika kwenye kila mstari, magari yameongezeka maradufu.

Nne, majina ya safu. Shepufaili, aina ya kawaida ya faili la GIS, haikubali jina la safu lenye zaidi ya herufi 10. Safu mbili, moja ya PM10 na nyingine ya PM2.5 (chembechembe za ukubwa tofauti), zote zikianza na neno refu lilelile, zitakatwa hadi zifanane, na programu itaongeza namba mwishoni ili kuzitofautisha. Baada ya wiki mbili hakuna anayekumbuka ipi ni ipi. Tumia jiopakeji (GeoPackage, aina nyingine ya faili la GIS), au zipe safu majina mafupi tangu mwanzo.

Kipimo cha kugundua yote haya ni kimoja, na nakisisitiza kwa kila ninayefanya naye kazi: rudi kinyumenyume. Soma faili la AERMOD lenyewe, siyo jedwali la GIS. Kwa kila chanzo cha eneo zidisha kiwango kwa eneo la umbo lililoandikwa kwenye AREAVERT (amri yenye kona za umbo), jumlisha na vyanzo vingine, geuza iwe tani kwa mwaka. Jumla lazima ilingane na orodha ya utoaji. Isipolingana, usiendeshe modeli.

Dalili: sifuri na namba ndogo ajabu zimejipanga kando ya barabara

Umechora barabara ya vumbi ya malori kama mfululizo wa vyanzo vya VOLUME, na vipokezi (nukta ambapo modeli inakadiria ukolezi) vya karibu kabisa, pale ambapo vumbi linaonekana kwa macho, vinatoa sifuri au namba ndogo ajabu. Watu wengi wamewahi kuandika kwenye ripoti kwamba barabara haina athari kwa sababu hii.

Modeli haikokotoi mchango wa chanzo cha VOLUME kwa kipokezi kilicho ndani ya umbali wa mara 2.15 ya mtawanyiko wa awali wa mlalo (namba inayoonyesha wingu limetanuka kiasi gani tangu mwanzo), ukiongeza mita 1. Mfano: barabara ya njia mbili yenye upana wa mita 8. Kwa mwongozo wa EPA wa barabara za malori, ongeza mita 6 za msukosuko wa hewa, upana wa wingu la vumbi unakuwa mita 14. Ukipanga visanduku vya VOLUME vinavyogusana, mtawanyiko wa awali ni 14 gawa kwa 2.15, yaani mita 6.51. Kwa hiyo eneo lisilokokotolewa linafika mita 15 kutoka katikati ya kila kisanduku. Barabara yenyewe inaishia mita 4 kutoka katikati! Nyumba iliyo mita 12 inapoteza mchango wa visanduku vilivyo mbele yake, na katika vijiji vyetu nyumba nyingi ziko mita 12.

Nyumba zikiwa karibu hivyo, badili aina: tumia AREA nyembamba au LINE, ambazo hukubali kipokezi hata kikiwa ndani ya chanzo. LINE inahitaji ncha mbili na upana, kwa hiyo kata mstari wa GIS kwenye kila kona, ila kwanza ondoa vipeo (nukta zinazounda mstari au umbo) vilivyobanana, vipande visivyofikia hata mita moja. Kwa upande wa wima, kimo cha wingu ni mara 1.7 ya kimo cha lori. Lori la mita 3 linatoa wingu la mita 5.1, kimo cha kuachilia ni nusu yake, 2.55, mtawanyiko wa awali wa wima ni 5.1 gawa kwa 2.15, yaani 2.37. Hakuna hata moja ya namba hizi iliyomo kwenye mstari wa ramani.

Sifuri nyingine kama hiyo hutokea ndani ya shimo la machimbo lililoandikwa OPENPIT: vipokezi vilivyo ndani ya mipaka yake havikokotolewi. Aina hiyo ni ya chembechembe peke yake, na inataka mstatili, siyo umbo la kweli la shimo. Tafuta mstatili wenye eneo sawa na ujazo sawa, uuzungushe ulale kama shimo lilivyolala. Angalia pia mwinuko wa ardhi: data za SRTM, vipimo vya mwinuko kutoka angani, zilipimwa Februari 2000, kwa hiyo shimo lililochimbwa baada ya hapo, kwenye ramani hiyo bado ni kilima.

Dalili: ramani ya ukolezi inafuata mipaka ya kata

Moshi haujui mpaka wa kata. Ukiona ukolezi unakatika ghafla palepale mpaka unapopita, umeieneza hewa chafu ya majiko ya mkaa sawasawa kwenye kata nzima, pamoja na mashamba, mikoko na uwanja wa mpira. Kata ya pembezoni mwa jiji yenye nyumba zilizosongamana upande mmoja itaonekana safi kuliko ilivyo.

Rudi kwenye majengo. Dar es Salaam ina bahati ya kuwa na ramani nzuri za mitaa, na mradi wa Ramani Huria, ulioanza 2015 kwa ajili ya mafuriko, ulifanya sehemu kubwa ya kazi hiyo kwa mikono ya wanafunzi na wakazi wenyewe. Gawa utoaji wa kata kwa majengo ya makazi, kisha yakusanye kwenye seli za mita 100 au 250. Seli tupu zisipewe kitu. Kazi inaongezeka, lakini hapa unapima kinachovutwa na akina mama na watoto jikoni na uani, na hilo linastahili siku mbili za ziada.

Dalili: dohani ndefu inachafua mguuni pake

Tazama jotoridi kwanza. AERMOD inataka Kelvini. Gesi ya nyuzi 150 za Selsiasi ni 423. Ukiandika 150, modeli inaona gesi baridi kuliko barafu na haiipandishi. Kosa la kificho zaidi ni seli tupu. Shepufaili ikihifadhiwa, seli ya namba isiyojazwa mara nyingi hugeuka sifuri, na sifuri kwenye nafasi ya jotoridi ina maana halali kwa AERMOD: gesi ina joto sawa na hewa ya saa ile. Hakuna onyo. Tafuta sifuri zote kwenye safu za dohani kabla ya kutoa faili, na ujue kila moja imetoka wapi.

Halafu muulize fundi wa kiwanda: juu ya dohani kuna kofia ya kuzuia mvua? Inatoka kwa ubavu? Hilo halionekani kwenye picha ya setelaiti. Yenye kofia ni POINTCAP, ya ubavuni ni POINTHOR. Kimo nacho kipimwe kutoka ardhini. Niliwahi kupokea mchoro wa kiwanda kimoja kilicho nyanda za juu ambamo kila dohani ilikuwa na kimo cha zaidi ya mita 1,600, kwa sababu mchoraji aliandika mwinuko wa ncha kutoka usawa wa bahari. Matokeo yalionyesha hewa safi kabisa, na kila mtu mkutanoni alifurahi.

Kama hayo yote ni sawa, angalia majengo. Poligoni za paa bila kimo hazina faida kwa BPIP, programu inayoandaa data za majengo kwa AERMOD, na kimo cha ghala kinaweza kuuvuta moshi chini. Jengo huathiri dohani iliyo ndani ya umbali wa mara 5 ya kipimo chake kidogo kati ya kimo na upana, kwa hiyo usiyape kimo majengo ya kiwanda peke yake ukaliacha ghala la jirani.

Dalili: modeli inakataa poligoni, au inachukua siku tatu

Kipeo cha kwanza cha AREAVERT lazima kiwe kilekile cha LOCATION. GIS hurudia kipeo cha kwanza mwishoni ili kufunga umbo. Kiondoe, modeli hufunga yenyewe. Umbo linalojikata katikati kama namba 8 lina eneo lisiloaminika, litengeneze kabla hujalitoa. Poligoni yenye vipeo 800 ilifuata kila kichaka kwenye picha. Ipunguze hadi vipeo 15 au 20, na uhakikishe eneo halijabadilika sana.

Dalili: kilele cha uchafuzi kiko usiku wa manane

Hii sijaiona kwenye mwongozo wowote, nayo ni yetu wenyewe.

Dodoso la majiko lilifanywa kwa Kiswahili. Mama akasema anawasha jiko saa 1 asubuhi, na tena saa 1 jioni. Karani akaandika 1 na 1. Safu ikaunganishwa na poligoni za mitaa, ikapelekwa kwenye EMISFACT. Kwa AERMOD, saa ya 1 ni ile inayoanza usiku wa manane, kwa hiyo mapishi yote ya siku, asubuhi na jioni, yamewekwa pamoja usiku, wakati hewa imetulia na haichanganyiki. Ukolezi unapaa, na mtu anaandika nadharia kuhusu tabaka la hewa la usiku.

Anayeanza saa 12 asubuhi na kumaliza saa 2 asubuhi yuko kwenye saa ya 7 na ya 8 za modeli. Wa saa 12 jioni hadi saa 2 usiku ni ya 19 na ya 20. Kwenye fomu, usiache nafasi ya namba tupu: weka visanduku vya kutia alama, “asubuhi saa 12 hadi saa 1”, “asubuhi saa 1 hadi saa 2”, na kuendelea, kila kisanduku kikiwa na namba yake ya modeli iliyochapwa pembeni kwa herufi ndogo. Kama fomu zimeshajazwa, zitafute za karatasi. Mara nyingi karani aliandika “asub” au “jion” kando ya namba, na ni mchapaji wa data aliyeliacha neno hilo nje.